Pumzi ya Mkwe

Harufu ya vitunguu ndiyo iliyoanza kumtoa Mzee Asajile Mwaipaja mezani.

Alikuwa mtu wa kula. Tangu apandikizwe mapafu mapya, hamu ya chakula ilikuwa imemrudia kwa fujo, mpaka mwanawe Gwakisa, kila akija nyumbani mwisho wa wiki, humtania kwamba madaktari walikosea wakampandikiza tumbo. Lakini asubuhi ile, Sekela alipotia vitunguu kwenye mafuta kule jikoni ili aunge maharage, mzee aliweka kijiko chini, akaziba pua kwa kiganja, akatoka haraka hadi barazani. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa bado umelalia migomba. Akavuta hewa baridi, akaitoa, akavuta tena. Tumbo likatulia.

"Baba, uji umepoa?" Sekela aliuliza kutoka jikoni, bila kujitokeza.

"Uji ni mzuri, mama. Nilitaka hewa tu."

Sekela alikuwa mke wa Gwakisa. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hawali pamoja. Sekela alikulia Kyela akimwona mama yake mzazi akiacha njia na kujitosa migombani kila alipomwona baba mkwe kwa mbali. Siku hizi nyumba nyingi zilikuwa zimeiacha desturi hiyo. Mzee Asajile hakuiacha. Kwa miaka mingi alimjua mkwe wake kwa sauti zaidi kuliko kwa sura, kwa sababu Sekela alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio ya wilaya, na mzee hakukosa kipindi hata kimoja.

Kisha mapafu yake yakafika mwisho. Vumbi la makaa ya mawe alilolivuta mgodini ujanani lilikuwa limeyageuza mawe. Madaktari walihitaji mtu wa kutoa chembe za mwili wake ili wakuzie mapafu mapya. Wakampima Gwakisa, hakufaa. Wakawapima binti zake wote, hawakufaa. Sekela akajitolea kupimwa ili tu asionekane amekaa pembeni, na mwili wake ukapatana na wa mzee kama pacha.

Zamani aliyepandikizwa kiungo alimeza dawa maisha yake yote, dawa za kuudhoofisha mwili usimpige vita mgeni. Sasa mwili ulifundishwa kumpokea. Kwa mwaka mmoja mgonjwa na aliyempa chembe walikaa chini ya paa moja, wakala chungu kimoja, na jioni wakapumulia kwenye mrija mmoja ili vijidudu vyao vichanganyike. Na kila asubuhi damu kidogo ya mtoaji ilichujwa, maji yake yakaingizwa kwa mgonjwa. Hospitali iliuita mpango huo shirika. Mwaka ukiisha, mwili huwa umemzoea mgeni, na kila mtu hushika njia yake.

Kwa hiyo Gwakisa alitundika pazia la kitenge sebuleni, baba yake upande huu, mkewe upande ule, na katikati kwenye kigoda kikakaa kimashine chenye ukubwa wa birika. Kilipofanya kazi kilitoa sauti ya kuku anayeatamia, wakakiita Mtetea.

"Shikamoo baba," Sekela alisema asubuhi hiyo akiketi upande wake.

"Marahaba mama. Umeamkaje?"

"Salama. Nimechoka kidogo tu."

Mtetea akaanza kulialia. Mzee aliuangalia mrija ukijaa maji ya rangi ya asali, yakipita chini ya pazia, yakiingia mkononi mwake. Daktari aliwaonya tangu mwanzo: chochote kilichomo kwenye damu ya Sekela kitamfikia mzee. Akinywa kahawa kali, mzee naye atachangamka. Na kweli, shangazi yake Sekela alipofariki, mzee alizunguka na uzito kifuani siku nzima kabla hajapewa habari ya msiba. Sasa alijiambia kwamba kichefuchefu hiki nacho ni uchovu wa mkwe wake.

* * *

Jumatatu alikwenda sokoni kwa miguu. Kutembea bila mtungi wa hewa kulikuwa bado ni jambo jipya kwake, akalitumia kila alipopata kisingizio. Safari hii kisingizio kilikuwa chumvi. Alipofika kwenye meza ya mama mmoja muuza viungo, macho yake yakaangukia udongo wa kula, ule unaofinyangwa kama vidole na kukaushwa. Mate yakamjaa mdomoni. Ulikuwa unanukia mvua ya kwanza.

"Nipimie huo," alisema.

Yule mama akamtazama, mzee mwenye mvi na koti zito. "Wa nani, mzee wangu?"

Mzee akaona haya. "Wa mkwe wangu."

"Ahaa! Hongera! Ana miezi mingapi?"

Mzee Asajile alisimama na mkono ukiwa bado umenyooshwa. Watu walimpita huku na huku. Alimkumbuka marehemu mkewe, Subilaga, akitafuna udongo nyuma ya jiko, akikimbia harufu ya vitunguu, akilia kwa sababu mtu ameacha mlango wazi. Mimba zote sita zilikuja hivyohivyo.

"Mzee? Chenji yako."

Alipokea chenji. Akala udongo wote njiani, akasahau chumvi.

* * *

Gwakisa na Sekela walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka zaidi ya kumi. Walizunguka hospitali, wakapimwa, wakaambiwa wote wazima, wakarudi mikono mitupu. Siku Sekela alipokubali kuwa mtoaji, daktari alimwonyesha kidonge cha kijani ambacho angekunywa kila jioni ili mwili wake uendelee kutengeneza kile ambacho mzee alikihitaji. Akamwambia wazi kwamba mjamzito hawezi kukinywa, kinadhuru mtoto. Sekela alijibu, "Hilo msihofu, daktari," na Gwakisa akageuza uso dirishani.

Mzee aliyajua hayo yote. Jioni ile ya Jumatatu, baada ya kupumulia mrija, alimsikia Sekela akimimina maji, akimeza, akirudisha glasi mezani. Akaaga, akaenda kulala.

Kesho yake daktari wao, Kokugonza, alitokea kwenye kioo cha simu ya ukutani kwa ukaguzi wa kawaida. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, aliyependa kumwita mzee "kijana wangu."

"Mapafu yanapendeza, kijana wangu. Unasikiaje?"

"Jana nimetembea hadi sokoni na kurudi." Mzee akapunguza sauti. "Daktari, hivi ikitokea mtoaji akasafiri ghafla, inakuwaje?"

"Anasafiri kwenda wapi?"

"Nauliza tu."

Daktari akavua miwani. "Mwili wako upo katikati ya darasa. Ukikatishwa sasa, utaanza kuyaona hayo mapafu kama mwizi aliyeingia ndani. Tutakurudisha kwenye dawa za zamani. Zinasaidia, lakini siyo kama hivi."

"Nitatembea?"

"Kidogo."

"Kwa muda gani?"

"Wapo waliokwenda miaka. Wapo waliokwenda miezi. Sitakudanganya, mzee wangu." Akavaa tena miwani. "Sekela ana tatizo?"

"Hana," alisema mzee.

Baada ya hapo alipanda njia ya mashamba ya chai hadi kwenye kaburi la Subilaga. Kabla ya kupandikizwa alikuwa hajafika pale kwa muda mrefu, maana hakuna aliyeweza kumbeba kwenye mteremko ule. Alifika juu bila kupumzika hata mara moja. Akaketi kwenye nyasi, akaangalia kijani kilivyoshuka mabonde kwa mabonde, na hewa ikaingia kifuani mwake ikashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo kwa miaka alisahau kwamba hewa hufika. Alikuja amedhamiria kuamua. Badala yake alikaa pale akipumua kama mtu anayekula akiwa na njaa, na aliposhuka hakuwa ameamua lolote.

Jumatano alinyamaza. Alhamisi vilevile, na jioni alimsikia tena Sekela akirudisha glasi mezani.

* * *

Tangu mpango wa shirika uanze, Sekela alikuwa akitangazia nyumbani, kwenye chumba cha stoo walichokizungushia mablanketi ukutani ili mwangwi usisikike. Ijumaa asubuhi mzee alikaa sebuleni, redio imewashwa kwa sauti ya chini. Kupitia redio alimsikia mkwe wake akicheka na wasikilizaji, na kupitia ukuta alimsikia kwa mara ya pili, nyuma kidogo.

Yapo mambo baba mkwe hayasemi kwa mke wa mwanawe, na tumbo lake ni la kwanza kati ya hayo. Lakini kwa simu, alifikiri, labda. Akabonyeza namba ya kipindi.

"Haya, tunaye msikilizaji mwingine kwenye simu! Karibu, jina lako na unapiga kutoka wapi?"

Mzee akasogeza simu karibu na mdomo. "Naitwa... Mwaipaja. Napiga kutoka sebuleni."

Kimya kilipita hewani. Wilaya nzima ilikisikia.

"Karibu sana, mzee Mwaipaja wa sebuleni," alisema Sekela, na sauti yake ilitaka kucheka na kuogopa kwa pamoja. "Una neno gani kwetu asubuhi hii?"

Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. Yote yakamtoroka.

"Naomba wimbo," alisema.

"Wimbo gani, mzee?"

"Wowote."

Sekela akapiga muziki wa dansi wenye magitaa mengi. Kabla haujafika katikati, mlango wa stoo ukafunguka, na hatua zake zikasimama upande wa pili wa pazia.

"Baba, ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka wimbo."

"Huo unaopigwa sasa huwa unazima redio ukiusikia. Baba, una maumivu? Nimwite daktari?"

Mzee aliinuka. Akashika pazia, akalivuta pembeni lote mpaka vishikizo vikagongana. Sekela kwa mazoea aligeukia ukuta na kuinamisha kichwa.

"Geuka, mama. Jambo hili siwezi kuliambia kitambaa."

Aligeuka polepole. Mzee aliona uso mpana wenye vidoa vya uchovu chini ya macho, na mwanya ambao hakuwahi kujua kwamba anao.

"Subilaga alinizalia watoto sita," alianza. "Nazijua dalili. Wiki hii nimeshindwa kuvumilia vitunguu. Nimekula udongo. Juzi nimelia kwa sababu ndizi imeungua."

Sekela alianza kucheka, akaziba mdomo. "Baba, hizo ni dawa..."

"Siyo dawa. Mtetea ananiletea kilichomo mwilini mwako. Mama, kati yetu sisi wawili, mimi siye mwenye mimba."

Magitaa yaliendelea kulia redioni. Sekela aliketi sakafuni palepale, akaweka kiganja tumboni.

"Nilidhani ni uchovu," alinong'ona. "Nimeacha hata kuhesabu siku zangu. Baba, una hakika?"

"Kapime."

Sekela akahesabu siku kwa vidole. Kisha akainua uso. "Umejua lini?"

"Jumatatu. Sokoni."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

"Nimekunywa kile kidonge siku zote hizo."

"Nilikusikia ukikinywa. Niliogopa kurudi kwenye mtungi." Akashika ukingo wa pazia. "Niliogopa, mama."

Sekela alinyanyuka akaenda jikoni, na mzee akasikia bomba likimwaga maji, likimwaga tu, bila chombo chochote kuoshwa.

* * *

Kipimo kilithibitisha. Gwakisa aliondoka kazini kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, akafika nyumbani na buti za tope, akamkumbatia mkewe mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jioni wote watatu walikaa mbele ya kioo, na Daktari Kokugonza hakumwita mtu kijana wake.

"Kidonge kinakoma leo," alisema. "Athari kwa mtoto siwezi kuzijua mapema hivi. Tutamfuatilia kwa karibu."

"Na Mtetea?" aliuliza Sekela.

"Bila kidonge anaweza kuendelea wiki kadhaa, kwa udhaifu. Mzee atapata kitu, siyo kama zamani. Lakini kitakachomfaa yeye kitatoka kwenye damu ambayo mtoto naye anaihitaji. Siwezi kuwapimia hatari hiyo kwenye mizani. Mnaoamua ni ninyi wawili, mtoaji na mpokeaji, na yeyote kati yenu akisema basi, ni basi."

"Nitaendelea," alisema Sekela. "Nitakula maini, nitakula mboga za majani. Baba tunaye hapa, tunamwona. Siwezi kumwacha katikati."

Daktari akamgeukia Gwakisa, ingawa sheria haikumpa kauli. Gwakisa alikuwa akitazama buti zake.

"Mimi sijui nimwombe nani nini," alisema, na sauti yake ikakatika.

Asubuhi iliyofuata Sekela alikuja sebuleni na mkono wa gauni umekunjwa tayari. Kigodani hapakuwa na kitu. Mtetea alikuwa amefungwa ndani ya boksi lake la hospitali, mirija imezungushwa vizuri, na Mzee Asajile alikuwa amelikalia lile boksi.

"Baba, inuka."

"Siinuki."

"Niliyeamua kukupa ni mimi. Siyo wewe."

"Ulinipa, nikapokea. Sasa nimeshiba."

"Hujashiba! Ulimsikia daktari. Ukifa, mtoto nitamwambia nini?"

"Mwambie babu yake alikuwa mbishi." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Sekela," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina lake. "Ukiendelea, kila siku utakuwa unachagua kati yangu na mtoto. Mimi nimekwisha kuchagua. Hili lisiwe mzigo wako."

Machozi yalimshuka Sekela bila yeye kuyafuta. "Nimekukasirikia, baba. Kwa zile siku ulizonyamaza."

"Najua."

"Sijamaliza kukasirika."

"Kasirika, mama. Mimi nipo."

Sekela akaketi sakafuni mbele ya boksi, na wakakaa hivyo mpaka gari la hospitali lilipokuja kumchukua Mtetea.

* * *

Dawa za zamani zilimvimbisha mzee uso na kumtetemesha mikono. Kikombe kikawa hakifiki mdomoni bila kumwagika. Midomo ikafanya vidonda. Alipewa sufuria lake, sahani yake na kijiko chake, maana sasa mwili uliodhoofishwa haukuweza kuchangia vijidudu vya mtu mwingine, na ajabu ni kwamba hilo la chungu ndilo lililomuuma kuliko vidonda. Vitunguu vilianza tena kumnukia vizuri, na siku aliposikia hivyo alijua kwamba habari za Sekela hazimfikii tena kwa njia ile. Ikabidi aanze kumuuliza.

"Umeamkaje, mama? Anacheza?"

"Leo amenipiga mateke tangu asubuhi."

Hasira ya Sekela haikwisha siku moja. Kuna asubuhi aliweka chai mbele ya mzee na kuondoka bila neno. Kuna siku alirudi kutoka kliniki, akapita moja kwa moja chumbani, na mzee akasubiri mlangoni kama mtoto aliyekosa, mpaka mlango ukafunguka kidogo na sauti ikasema, "Moyo wake unapiga vizuri." Halafu jioni moja ya baridi alikuja na kiti chake, akakiweka karibu na cha mzee, akanyoosha miguu iliyovimba, wakaangalia mvua pamoja.

Masika yalipokolea, mwili wa mzee uliyashambulia mapafu. Alipelekwa hospitali ya rufaa Mbeya akiwa hawezi kumaliza sentensi. Madaktari waliizima vita ile, lakini sehemu ya mapafu ilikuwa imekwisha kupotea. Alirudi nyumbani na mashine ya hewa ya kutumia akilala. Kufika getini kulimtaka asimame mara mbili njiani.

Mtoto alizaliwa akiwa mdogo kuliko walivyotarajia, wa kike, mwenye kelele. Daktari alisikiliza moyo wake, akapima masikio na macho yake, akarudia siku nyingine na nyingine, akasema kwa sasa haoni tatizo. Mzee alimwuliza "kwa sasa" maana yake ni nini. Daktari akasema maana yake ni kwamba wataendelea kumwangalia. Walimwita Lugano. Kwa majuma mengi babu yake alimwona akiwa upande wa pili wa chumba tu, yeye na barakoa usoni, mpaka mtoto alipomaliza chanjo za mwanzo na daktari akaruhusu.

Siku hiyo Sekela hakumtuma Gwakisa. Alimbeba mtoto mwenyewe, akainama, akamlaza Lugano kifuani kwa mzee, akaiweka mikono ya mzee inayotetemeka mahali pake, mmoja chini ya makalio, mmoja mgongoni.

"Hivyo," alisema. "Usimkaze."

Lugano alinung'unika, akageuza kichwa, akalala. Alikuwa mwepesi na wa moto. Kifua cha mzee kilipopanda, naye alipanda, kiliposhuka, alishuka. Mzee aliona hilo, akaanza kupumua taratibu zaidi, kwa uangalifu, kama anayetembea juu ya mawe ya mto. Kisha kikohozi kikaanza kumwasha chini ya koo. Akakizuia. Kikaja tena kwa nguvu, macho yakamjaa maji.

"Mchukue," alisema kwa shida.

Sekela akamchukua. Mzee alijikongoja hadi barazani, akashika nguzo, akakohoa, akakohoa mpaka hewa ikarudi kidogo kidogo. Akafuta midomo. Akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni kama alivyofundishwa, akavaa barakoa mpya, akarudi ndani akisimama njiani kupumzika.

Sekela alikuwa bado amesimama palepale, mtoto begani, akimsubiri.

Mzee akaketi, akaegemea, akafungua mikono.

"Haya," alisema. "Nipe tena."